Nyumba Yetu: Mukuba na Inoksi Kwenye Ukuta Mmoja



Wiki iliyopita, tulipomaliza hesabu ya likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki amekaa. Wengine tulikuwa tayari tunafunga vitenge na kutafuta viatu vya watoto. Yeye akafungua kitambaa alichokuwa amekishika magotini tangu asubuhi, akatoa tablo tatu za mukuba. Moja ni kubwa kama sinia, ina wamama wawili wanaotwanga kwenye kinu. Mbili ni ndogo: ndege, na mtu ndani ya mtumbwi. Zote zilikuwa nyeusi kwa moshi na vumbi, maana zilikaa miaka chini ya kitanda.

Zilipigwa na baba yake mzazi. Mzee alikuwa mfanyakazi wa kiwanda huko Likasi, na jioni akirudi kazini alikaa nyuma ya nyumba na nyundo yake ndogo na vyuma vyake vya kuchorea. Alilaza bati la mukuba juu ya lami ngumu, akalipiga kwa upande wa nyuma mpaka sura zinatoka mbele. Wengi wetu tulikua tukisikia ule mlio wa tik-tik-tik katika lupango za jirani. Siku hizi unausikia mara chache.

Sasa mtoto wa kike wa mama huyu ameolewa na kupanga nyumba Likasi. Mama akataka kumpa tablo za nkambo wake. Binti akazitazama, akajibu kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Mama, vitu vyangu vyote ni vya rangi ya fedha. Meza iko na miguu ya inoksi, saa ni ya fedha, hata vyuma vya rido ni vya fedha. Mukuba utaharibu saloni."

Mama akarudi nazo. Siku mbili baadaye akapita kijana wa mitraye na kinga yake, wale wanaonunua vyuma vikuukuu. Akazipima kwa mkono, akataja bei ya kilo. Mama hakukubali siku ile, lakini hakukataa pia, na kijana alisema atapita tena. Ndiyo sababu alituuliza: "Wayaya, ni kweli vyuma vya rangi mbili havikai pamoja katika nyumba moja? Kama ni kweli, nimpe yule kijana, angalau tununue unga."

Tulimwomba angoje wiki moja. Jibu letu ni hili, na tunaliandika hapa kwa sababu tunajua si yeye peke yake mwenye mukuba chini ya kitanda.

Havikatai kukaa pamoja. Sisi watu wa hapa tungekuwa wa mwisho duniani kuogopa jambo hilo. Mwaka 1957 na 1958 wachimbuaji walifungua makaburi ya kale ya Sanga, pembeni ya Ziwa Kisale. Walikuta watu waliozikwa na mapambo ya mukuba na vitu vya chuma pamoja, na katika makaburi mengine misalaba midogo ya mukuba, ile ambayo wazee waliifanya kuwa feza. Wasongye, kaskazini yetu, walikuwa na shoka la heshima ambalo ubao wake wa chuma umetobolewa na kuchongwa nyuso ndogondogo, na mpini wake umevikwa bati la mukuba. Chuma cheusi juu, mukuba mwekundu chini, na hakuna aliyesema haviendani. Ulikuwa ukubwa wenyewe! Wayeke wa Bunkeya, waliokuja na Msiri kutoka upande wa Unyamwezi, walivuta mukuba ukawa waya mwembamba, wakauzungusha kuwa bangili.

Na wanawake hawakuwa watazamaji tu. Katika kazi ya mukuba ya zamani, kijiji kilihamia mgodini wakati wa kiangazi: wanaume walichimba mashimo, wanawake na watoto waliokota yale mawe ya kijani juu ya ardhi. Kwa hiyo tunapozungumza mukuba ndani ya saloni, tunazungumza kitu ambacho mikono ya wamama ilikishika kabla ya kiwanda chochote. Msalaba ule wa mukuba ulikuja kuwekwa hata kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960 na kwenye feza yake ya 1961, na toka 1971 mpaka 1997 jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba. Tulibeba jina la chuma miaka ishirini na zaidi, leo tunaogopa kukitundika ukutani.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Kwanza, ujue una nini. Tumeona wamama wakilinda kwa uchungu kitu cha "dhahabu" ambacho ni bati la chuma lililopakwa rangi, na wakitupa mukuba wa kweli kwa sababu umekuwa mweusi. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Ikishika, ndani ni chuma. Mukuba haushikwi na sumaku, wala letoni, wala alumini. Letoni ni ile ya njano, mukuba uliochanganywa na zinki. Watu wa pwani wakisema "shaba" wanaweza kuwa na maana ya hii au ya ule mwekundu, ndiyo maana sisi tunabaki na neno letu mukuba, halikosei. Inoksi inadanganya: nyingine inashikwa, nyingine haishikwi. Kisha pima kwa mkono. Mukuba ni mzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini ya ukubwa uleule. Kijana wa mitraye anajua hayo yote, na wewe uyajue kabla hajafika mlangoni.

Pili, chagua mkubwa. Ndani ya saloni kuwe na chuma kimoja kinachotawala, kingine kimfuate. Katika nyumba ya binti wetu mkubwa ni inoksi. Vizuri, ibaki hivyo. Mukuba uje kama wa pili. Shida inakuja vikiwa nusu kwa nusu, maana hapo jicho linazunguka halijui litulie wapi. Ukitaka cha tatu, kwa mfano letoni ya kitasa cha mlango au pete za rido, kiwe kidogo sana. Cha nne tungekuacha ukijaribu peke yako. Hatujaona nyumba iliyofaulu, isipokuwa ya wauza vyombo.

Lakini jambo ambalo wengi wanalikosa ni kurudia. Kitu kimoja cha mukuba kati ya vitu kumi vya fedha kinaonekana kama mgeni aliyekosa kiti. Watu watauliza, "Hiki kimetoka wapi?" Weka mukuba mahali pawili au patatu: tablo kubwa ukutani, kitu kidogo juu ya meza upande wa pili, labda kikombe cha kalamu karibu na dirisha. Hapo macho yanatoka kimoja kwenda kingine na yanaelewa kwamba umekusudia. Tablo tatu za mzee, kumbe, zilikuwa tayari na idadi yake!

Na usiviweke vikigusana bega kwa bega. Kati ya mukuba na inoksi tia kitu ambacho si chuma. Ubao, kikapu, kitambaa cha kroshe, maua ndani ya mkebe. Kitenge chenye rangi ya udongo kwenye mito ya fotei kinafanya kazi kubwa hapo, kwa sababu kinabeba rangi ya mukuba bila kuwa mukuba. Wenye kijiwe cha malakiti nyumbani wana bahati zaidi. Ile kijani na ule wekundu vimetoka kwenye mwamba mmoja, malakiti ni mukuba ambao bado haujapita motoni, na vinapendezana kama mtoto na mama yake. Ukuta wa tofali nyekundu usiopakwa chokaa, tunavyo vingi hapa Mulungwishi, unameza mukuba, tablo inapotea. Juu ya tofali nyekundu inoksi na alumini ndizo zinaonekana vizuri. Mukuba unataka ukuta mweupe, au wa maziwa, au kijani nyepesi.

Kuna pia jambo la taa, na hili tulilijifunza kwa kukosea. Tulimsaidia mama mwingine kupanga saloni mchana, ikapendeza. Usiku akawasha taa nyeupe ya sola, mukuba wote ukawa kama udongo uliokauka. Taa nyeupe inapenda inoksi, na taa ya manjano inapenda mukuba. Kama nyumba yako inaishi kwa sola nyeupe, weka tablo karibu na dirisha au mlango ipate jua la saa kumi, na usiku usitegemee sana ing'ae.

Kusafisha. Hapa tuko na maneno makali kidogo. Majivu na mchanga tunavyosugulia sufuria, hapana, visiguse tablo. Wala ile sponji ya chuma. Kata ndimu, chovya kwenye chumvi, sugua taratibu sehemu zilizoinuka tu: uso, bega, mtwangio. Yale mabonde meusi kati ya sura yaache. Mafundi wenyewe waliyafanya meusi kwa makusudi, kisha wakang'arisha juu, ili picha ionekane. Ukisugua yote ikawa nyekundu sawasawa, umefuta kazi ya mzee. Suuza kwa maji safi, kausha mara moja kwa kitambaa, pitisha nta kidogo sana ya mshumaa. Kama fundi alipaka verni, ndimu haihitajiki kabisa. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Na vile vya "dhahabu" vilivyopakwa juu ya chuma, ukivisugua kwa ndimu utakuta rangi imebaki kwenye ndimu.

Ule ukungu wa kijani unaoota kwenye mukuba uliokaa na unyevu ni sumu. Uondoe ukiwa umewatoa watoto, unawe mikono, na usitundike tablo mahali mtoto mchanga anaweza kuilamba. Kwa sababu hiyohiyo usitumie sahani ya mukuba mtupu kwa chakula kichachu: nyanya, ndimu, mutobe, siki. Ukali unautoa mukuba ukaingia tumboni. Wale wa Zanzibar na Lamu wanaonywea kahawa kwenye birika za mukuba, birika hizo hupakwa bati ndani. Mikate, karanga ndani ya maganda, hayo hayana neno.

Tukishataja tumbo, tuseme na la sufuria, hata kama si la mapambo. Nyumba nyingi zinapanga nyungu za alumini juu ya kabati zionekane, na ni nzuri. Lakini zile zinazosubuliwa na mafundi kwa vyuma vya kila namna, vipande vya mota, vya redio, vya makopo, hatujui ndani yake kumeingia nini. Mwaka 2014 wachunguzi waliandika kuhusu sufuria za namna hiyo za Kameruni, kwamba zikipikiwa vitu vyenye ukali zinatoa risasi, ile ya betri za gari, nayo inaharibu akili ya mtoto anayekua. Hatusemi mtupe. Tunasema nyungu ya namna hiyo ikae juu ya kabati ipendeze, au ichemshe maji ya kufulia, na nyanya na sombe yenye ndimu zipate inoksi au nyungu ya udongo. Mama akiwa na dola za kununua sufuria moja tu nzuri mwaka huu, atangulize hiyo kabla ya saa ya ukutani.

Mvua. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne kila chuma katika nyumba zetu kinajaribiwa. Vyuma vya rangi mbili vikigusana kavu, hakuna shida. Vikigusana na maji yakapita, kimoja kinamla mwenzake, na anayeliwa si mukuba. Ni alumini, ni zinki, ni chuma. Kwa hiyo pambo la mukuba usilifunge juu ya mlango wa chuma unaopigwa na mvua bila kutia kipande cha mpira au ngozi katikati. Na maji yanayotiririka kutoka kwenye mukuba yasiangukie malata. Tulimwona mtu aliyepamba ukingo wa paa lake kwa vipande vya mukuba, na watu walisifu. Malata ya chini yake yalitoboka kabla ya yale mengine yote.

Lingine ni gumu, nalo tusipolisema sisi wamama litasemwa na nani? Mukuba mpya unaouzwa rahisi sana barabarani, bangili, vijiko, vinara, uuliwe mukuba wake umetoka wapi. Nyaya za umeme zikikatwa usiku, mtaa mzima unalala gizani, mama anazaa kwa mwanga wa simu, mashine ya kusaga inanyamaza. Nyaya hizo zinachomwa ili plastiki iondoke, na moshi ule mweusi unaingia ndani ya lupango ambamo watoto wanalala. Tunajua vijana hawana kazi. Magari makubwa yanapita hapa barabarani yamebeba mabamba ya mukuba kwenda Kasumbalesa, siku kwa siku, na vijana wamekaa pembeni wakiyahesabu. Uchungu huo tunauelewa. Hata hivyo hatutaweka ukutani kwetu giza la jirani. Nunua kwa fundi unayemjua, au toa vya wazee chini ya kitanda. Tunavyo vya kutosha.

Basi, Jumamosi tulikwenda Likasi watatu pamoja na mama yule. Tulipeleka tablo zimeshasafishwa, na hapo binti mwenyewe alishangaa, maana alikuwa hajawahi kuona sura za wale wamama wanaotwanga. Mmoja ana kitambaa kichwani kilichofungwa upande, namna nkambo wake mwanamke alivyokuwa akifunga. Hatukujua hilo. Mama ndiye aliyesema, kisha akanyamaza, na sisi tukajifanya tunapima ukuta.

Saloni yake ni ndogo, safi sana. Fotei za kijivu, meza ya kioo yenye miguu ya inoksi, sakafu ya simenti iliyopigwa nta nyekundu. Ile sakafu ilitusaidia: wekundu ulikuwa tayari ndani ya nyumba, haukungoja sisi. Tablo kubwa tulijaribu kwanza juu ya televisheni, haikufaa. Vitu viwili vinavyong'aa vilishindana, na televisheni ilishinda. Tukaihamisha kwenye ukuta mweupe unaotazamana na mlango, peke yake, chini yake kikapu cha nyuzi. Ndege akaenda upande wa pili, karibu na dirisha. Kati yao mito miwili ilivishwa kipande cha kitenge ambacho mama alikuwa nacho mkobani. Saa ya fedha ilibaki palepale, hakuna aliyeigusa.

Binti alikaa kwenye kila kiti kimoja baada ya kingine, akitazama. Akasema ndege ni mzuri. Akasema tablo kubwa atakaa nayo wiki mbili aone. Mtumbwi aliukataa, alisema vitatu ni vingi, na tukitazama tulikubaliana naye, nyumba ni ndogo. Mkwe aliporudi kazini alisimama mlangoni, akauliza nani aliyepiga ile kazi. Alipoambiwa ni nkambo wa bibi yake, akaenda kutafuta msumari mrefu zaidi, maana ule tuliotia aliuona hauaminiki. Alikuwa na haki: tablo ile ina uzito, na tofali za nyumba zile ni laini. Nyie pia msitundike kwa msumari mfupi. Ingiza mrefu kwenye kiungo cha simenti kati ya tofali na tofali, ukielekea chini kidogo ndani ya ukuta, na kamba iwe ya nailoni.

Mtumbwi umerudi Mulungwishi. Kwa sasa uko juu ya kabati ya mama, umeegemea ukuta, pembeni ya sufuria yake kubwa ya inoksi. Kijana wa mitraye alipita Jumatatu, akapewa beseni lililotoboka.